Mlio wa Pili

"Nielekeze namna ya kuizima," Gadiel alinong'ona kwenye simu. Alikuwa amesimama nyuma ya gari lake, hatua chache kutoka geti la shangazi yake, Kimandolu.

Fundi Lucky akacheka. "Braza, nimekufungia asubuhi hii hii, unataka kuizima leo leo? Haizimiki hiyo. Ukiwasha gari na yenyewe inawaka. Simu ikiita, mlio wa pili inapokea yenyewe, sauti inatoka kwenye spika. Wewe mikono yako iko kwenye usukani tu."

"Na kama sitaki mwenzangu asikie?"

"Bonyeza kitufe chekundu kabla ya mlio wa pili. Ila uwe na mkono mwepesi."

Simu yenyewe asingeweza kuizima. Kaka yake Eliasi alikuwa amempigia nusu saa iliyopita, akamwambia aiache wazi, huenda mambo yakabadilika. Gari alilopanda Paskalina, binti wa shangazi, limegongana na lori la mchanga, Maji ya Chai. Paskalina hayupo tena.

"Mchukue shangazi Nalepo umlete nyumbani Ngaramtoni," Eliasi alisema. "Usimwambie kitu. Sema Bibi anaumwa. Akifika atakaa chini, wazee watamwambia kwa utaratibu. Na njiani asisikie simu ya mtu. Unanielewa, Gadiel? Mtoto wake ni huyo huyo mmoja."

Geti likafunguka kabla hajabisha. Shangazi alikuwa tayari, kitenge kimefungwa, mkoba mkononi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu." Akamshika uso kwa mikono miwili, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku Gadiel alipopata kipaimara. "Umekula?"

"Nimekula. Shangazi, Bibi kifua kimembana tena, anakuulizia..."

"Najua. Eliasi kaniambia. Twende."

Hakuuliza neno jingine. Gadiel akamshukuru Mungu kimoyomoyo, maana uongo wake aliuandaa kwa maneno machache tu, na yalikuwa yamekwisha.

Ndani ya gari shangazi alitoa simu yake mkobani, akaizima, akaiweka chini ya Biblia. Hilo nalo likampunguzia Gadiel mzigo. Akabaki na kazi moja: kukiangalia kile kidude kilichobandikwa karibu na redio, chenye taa ya buluu inayopepesa.

"Hiki nacho ni nini?" shangazi akauliza.

"Cha kupokelea simu bila kuishika. Kandida ndiye aliyenisumbua. Kila siku, 'Iko siku nitaitwa mochwari nikakutambue, na simu bado iko sikioni.'"

Shangazi akageukia dirishani. Mlima Meru ulikuwa umefunikwa na wingu hadi kiunoni.

"Amekutunza," alisema.

"Ana mdomo huyo, shangazi, usimwone vile!"

Gadiel alitaka shangazi acheke kidogo. Hakucheka.

Walipopita Sanawari, Gadiel akamkumbuka mke wake, Kandida. Asubuhi Paskalina alipaswa kupita kwenye kibanda cha kushonea cha Kandida, Sokon I, kuchukua sare za harusi azipeleke Kikatiti. Kandida akiusikia msiba huu kwa watu wa barabarani atapiga kelele mtaa mzima. Heri ampigie tu, amwambie afunge, aende Ngaramtoni kumwona Bibi. Akapiga. Simu ikaita kwenye spika ya gari, ikaita, ikaita, mpaka ikakatika.

"Achana na simu, mwanangu," shangazi alisema. "Endesha."

"Cherehani ile ina kelele, hasikii. Nijaribu mara ya..."

"Gadiel. Nimesema endesha. Na ukijisikia vibaya, simama pembeni, tutatafuta mtu atuendeshee."

"Nijisikie vibaya kwa nini, shangazi? Ngaramtoni hapo hapo?"

Shangazi alianza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, ule wa faraja, akarudia ubeti mmoja tu. Gadiel alisikia machozi yakimpanda. Masikini, aliwaza, anaimba mwenyewe na hajui anamwimbia nani. Akakaza macho barabarani. Kila gari lililopiga honi lilimshtua, mkono ukimwenda kwenye kitufe.

Alijipa moyo. Sakina hii. Bado kidogo. Atamfikisha, akina mama watamzunguka, atakaa, atashikwa mabega, ndipo aambiwe. Si hapa. Si kwenye spika ya gari kama tangazo la mnada.

Alikuwa amepunguza mwendo kwenye tuta simu ilipoita.

Mkono wa Gadiel ukaruka kwenye kitufe chekundu. Ukakuta mkono mwingine. Vidole vya shangazi vilikuwa vimetangulia, vikavu na vyenye nguvu, vikibonyeza hapa na pale bila kujua pa kubonyeza. Vya Gadiel vikavisukuma, vikasukumwa. Alimtazama kwa mshangao. Uso wa shangazi ulikuwa wa mtu anayezuia mlango.

Mlio wa pili.

"Gadiel, mwanangu." Sauti ya Lerionka, mzee wa kanisa, ilijaa gari zima. "Eliasi kasema shangazi uko naye hapo. Vizuri, mtiane nguvu. Poleni sana, Bwana awashike. Samahani kwa kuwauliza haya njiani, ila fundi wa majeneza ananisubiri hapa, anataka vipimo. Mama Nalepo, Paskalina alikuwa na urefu gani? Na wewe Gadiel, Kandida je?"

Gari lilikuwa limesimama juu ya tuta. Nyuma yao watu walipiga honi.

"Haloo? Mnanisikia nyote wawili?"