Mtoto wa Gatini

Watu waliookolewa baharini walikuwa wameketi gatini, wakisubiri meli ya kuwarudisha walikotoka. Wenyeji wa mji waliruhusiwa kuwapelekea uji. Tausi alipofika na birika lake, alimkuta mwanamke aliyepakata mtoto mchanga, mtoto analia lakini sauti haitoki.

"Maziwa yamekauka, dada," mwanamke alisema. "Tangu mashua yetu izame."

Tausi naye alikuwa amejifungua karibuni. Aliweka birika chini, akamchukua mtoto na kumpa ziwa. Mtoto alinyonya kwa pupa hadi akapaliwa, akakohoa kidogo, akaendelea.

Mara akaja askari wa zamu mpya.

"Simameni, meli iko tayari," alisema. "Na huyu mtoto ni wa nani?"

Tausi alimtazama mama. Mama alikuwa ameshasimama, mikono ameificha ndani ya kanga iliyokauka kwa chumvi.

"Ni wa huyo dada anayemnyonyesha," mama alijibu.

"Ni kweli?" askari alimuuliza Tausi.

Tausi alisita. "Ndiyo," alisema. "Ni wangu."

Mama hakumtazama tena. Alijiunga na wenzake, akapanda ngazi ya meli taratibu, kama mtu anayeogopa kuitwa. Tausi alitamani kumuuliza mtoto anaitwa nani, lakini askari alikuwa bado amesimama kando yake.

Meli ilipopiga honi, mtoto aliliachia ziwa, akageuza uso kuelekea kule kwenye ngazi.