Nitrati ya Kalsiamu

Wiki moja baada ya mazishi, Mama Tumsifu alifika maabara ya shule kuchukua madaftari ya marehemu bintiye. Mwalimu Kombo alikuwa bado ameshika la kemia. Ukurasa wa mwisho, kwenye swali la fomula ya nitrati ya kalsiamu, msichana alikuwa ameandika Ca(NO₃ kabla homa haijamzidi wakamtoa darasani amebebwa.

“Alikosea, mwalimu?”

“Hakukosea, mama. Hakumaliza tu. Yamebaki mabano ya kufunga, na mbili ndogo pembeni.”

Akachukua kalamu nyekundu ammalizie, ampe na alama yake. Mama akaufunika ukurasa kwa kiganja.

“Yaache wazi, mwalimu.”

Kipindi kilichofuata mwalimu aliiandika fomula ileile ubaoni. Alipofika kwenye mabano ya kufunga, chaki ikasimama. Darasa zima likamsubiri.