Fundo la Kopo la Ugoro

Asubuhi ya siku ya thelathini na moja, Mwanaheri aliliteremsha kopo la ugoro kutoka msumarini, akaona fundo si lake. Yeye ndiye aliyelifunga kwa uzi wa viatu, siku mumewe, fundi Shekue, alipoapa mbele ya ukoo kwamba ameacha kunusa. Tangu hapo kila kulipokucha Shekue alichora mstari wa chaki mlangoni, na majirani wakamsifu.

"Nani kaligusa?"

"Muulize dada yako," alisema Shekue bila kuinua uso kwenye kiatu alichokuwa akikishona. "Mimi nafsi yangu nimeshaitia lijamu."

Saumu, dada mtu, aliacha kukanda unga. "Mimi tena, shemeji?"

Mwanaheri hakubishana na mtu. Alikata uzi, akafunua kopo, akaupuliza ule ugoro katikati ya chumba.

Saumu akapiga chafya tatu mfululizo. Mwanaheri naye zikamshika mpaka machozi yakamtoka. Hata paka alichomoka uvunguni akipiga chafya.

Shekue aliendelea kuvuta uzi wake, pua kavu, kama mtu aliyepepewa tu. Kwa mtu aliyeuacha ugoro mwezi mzima, ilikuwa pua ngumu mno.

Kisha akahisi kimya. Akainua macho, akawakuta wote wawili wanamtazama.

Ndipo naye akapiga chafya, moja, ya mdomoni.

Mwanaheri alichovya kitambaa majini, akaenda kusimama mbele ya ile mistari ya chaki mlangoni.