Chombo cha Tano cha Hilari

Chombo cha nne kilizama mbele ya padri, kabla hajamaliza kukibariki.

Yalikuwa mabafu mawili ya chuma yaliyoachwa na mzungu wa zamani wa shamba la kahawa, yameunganishwa ubavu kwa ubavu. Hilari alisimama ndani yake, mikono nyuma, maji yakampanda mpaka magotini. Kisha akatembea hadi ukingoni kama mtu aliyeshuka basi. Wachuma kahawa wa kijiji cha Ganako walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

"Kuna kasoro ndogo," alisema. "Nitatengeneza kingine."

Hilari alikuwa fundi wa kuchomelea pale Karatu mjini, mahali ambapo hata maji ya kunywa watu huyafuata mbali. Lakini hakuna aliyependa vyombo vya majini kama yeye. Alianza na chelezo cha mapipa ya lami. Likafuata bodi la Land Rover lililozibwa milango. Baadaye akaunda nyambizi kutokana na tangi la dizeli, na kwa dirisha akaweka kioo cha taa ya lori. Nyambizi ilizama vizuri sana, ila ilizama kabla yeye hajaingia. Vyote vilikwenda chini pale pale, kwenye bwawa la shamba, karibu kabisa na ukingo.

Mkewe, Marsela, alikuwa akishona nguo sokoni, na kila siku ya mnada aliyasikia maneno ya watu.

"Shemeji," Ismaili wa duka la kijiji alimwambia mbele ya watu, "mwambie fundi safari hii aanzie chini kabisa. Asituchoshe kusubiri."

Bartolomeo, msimamizi wa shamba, hakucheka. Alikuja nyumbani, akakataa chai.

"Watu wangu wanaacha kahawa mtini kuja kukutazama," alimwambia Hilari. "Leta kimoja tu. Na hicho kikizama, bwawa langu usilikaribie tena."

Hilari aliitikia kwa upole. Aliyenyong'onyea ni Marsela. Aliijua furaha ya mumewe: nyundo uani tangu alfajiri, mluzi, chai kupoa bila kuguswa. Pasipo chombo cha kuunda, angekuwa mtu wa kukaa kitini na kutazama ukuta.

"Baba Ester," alimwuliza jioni moja, "kwani wewe unajua kuogelea?"

"Nahodha haogelei," alijibu Hilari. "Nahodha anaendesha."

Chombo cha tano kilikuwa mashua ya mabati yenye pedeli za baiskeli za kuzungusha panga la feni kule nyuma. Kilipendeza, hata Marsela alikiri. Jumamosi, Hilari alipokwenda kuazima trekta la kukivuta, Marsela aliingia ndani yake kumtoa kuku aliyekuwa akitaga chini ya kiti. Alipomwinua kuku, akaona tundu.

Halikuwa la kutu. Lilikuwa la duara, safi, limetobolewa kwa keekee, na kuzibwa kwa kipande cha sabuni ya mche.

Marsela alichuchumaa pale pale. Sabuni huyeyuka taratibu. Ingemfikisha mtu mbele kidogo tu ya ukingo, basi. Na mwaka ule wa themanini na mbili, sabuni ilikuwa ya kupangia foleni. Nani Karatu nzima alikuwa na sabuni ya kuchezea? Labda mwenye duka.

Angemwambia mumewe, pangetokea vita dukani. Akaamua kuliziba tundu mwenyewe. Akachonga kigingi cha mti mkavu, akakizungushia kipande cha mpira wa tairi, akakigongelea kwa mchi mpaka kikagoma kuingia zaidi. Juu yake akapaka sabuni nyembamba, ili mhusika akija kuchungulia aikute kazi yake ipo.

Jumapili, baada ya misa, Ganako nzima ilikuwa bwawani. Hata wafugaji walioteremsha ng'ombe kutoka Ngorongoro kwa ajili ya mnada walisimama wakiegemea fimbo. Hilari aliingia, akauvulia umati kofia, akaanza kukanyaga pedeli.

Chombo kikapita pale yalipozama mabafu. Kikapita pale ilipolala nyambizi. Vicheko vikakatika. Kikaingia maji meusi ya katikati, ambako mwaka uliopita fahali wa shamba alizama asionekane tena. Hapo ndipo Marsela alipogundua kwamba chombo hakina usukani.

Alimgeukia Ismaili, auone uso wa mtu aliyeumbuka. Ismaili alikuwa akirukaruka, machozi yanamtoka.

"Anakwenda! Shemeji, anakwenda!"

Marsela hakujua kwamba unafiki unaweza kufika kiwango kile.

Kule katikati Hilari aliacha pedeli. Akapiga magoti, akapeleka kiganja chini ya kiti, akabaki vivyo hivyo, amekandamiza kwa nguvu zote. Akayatazama maji pande zote. Akapaza sauti, upepo ukaichukua, na watu wa ukingoni wakamjibu kwa vigelegele.

Upepo ndio uliomvusha. Wanaume walikimbilia ng'ambo, wakamtoa na kumwinua juu mabegani. Bartolomeo mwenyewe alimpa mkono, akatangaza mbele ya wote kwamba kuanzia siku ile bwawa ni la Hilari, kila Jumapili, mpaka achoke mwenyewe. Midomo ya Hilari ilikuwa imepauka. Watu wakasema ni furaha.

Marsela akapenya katikati yao. Mumewe alimshika bega, akamvuta karibu, akamnong'oneza sikioni:

"Mama Ester, ni nani huyo aliyeziba tundu nililotoboa?"