Maili Tisa kwa Saa

Jana kompyuta ya mashua iliwaambia nahodha na mkewe wasubiri wiki nzima. Leo ilichora njia ya kuvuka bahari na kufika siku mbili kabla ya dhoruba.

Mke wa nahodha akaingiwa na shaka, akafungua kwenye kompyuta ukurasa wa taarifa za mashua yao. Kasi: maili tisa kwa saa. Mashua hiyo haijawahi kuzidi sita.

"Nani kabadilisha hii?"

"Mimi," mumewe akajibu. "Ilikuwa inatutia woga bure. Tumeshaaga watu, mke wangu."

"Kompyuta umeidanganya. Bahari utaiongopea nini?"

Binti yao alikuwa akihangaika na kifungo cha jaketi la kujiokolea. Mama akamvua jaketi hilo, akambeba, akashuka naye gatini.

Kisha akafungua kamba ya mashua, akamrushia mumewe kifuani.

"Haya, nenda."