Njia ya Mbuzi

Wanne walikuwa wameshatoka majini, kayaki mabegani, wakipanda njia ya mbuzi ili kuyazunguka maporomoko yaitwayo Domo. Wa tano alikuwa bado ameketi ndani ya kayaki yake, ameshika mzizi wa mti mkondo usimchukue.

"Barnabas," aliita Christabel, mtahini wao, akiwa juu ya jabali na saa yake mkononi. "Mvua ya mlimani imelijaza Domo. Nimeruhusu kila mtu abebe kayaki azunguke kwa miguu."

"Nimesikia, mwalimu."

"Basi toka."

"Sitoki."

Katana, aliyekuwa wa mwisho kwenye njia ya mbuzi, aligeuka. Mwaka wa nne huu alikuwa akipitisha watalii kwenye maji makali, na cheti alikihitaji kwa ajili ya mshahara tu.

"Mwache, mwalimu. Huyu tangu asubuhi anajiona. Tumefika darajani tumemkuta ameshaketi kwenye kayaki, ameshajifunga, kama bwana harusi anayengoja gari."

Wenzake wakacheka. Barnabas akakaza kifuniko cha mpira kiunoni mwake, kile kinachozuia maji yasiingie ndani. Jana alikuwa ameshinda akikata godoro kuukuu kwa kisu, akishindilia vipande humo mpaka kayaki ikambana kama nguo ya kushonewa.

"Ndugu yangu, kwenu Garsen mto umelala," Katana akaendelea. "Haya umejifunzia wapi?"

"Maji haya ndiyo yanayokuja kwetu. Nimekuja kuyapokea njiani."

"Si kwenu ni mamba tu?"

"Wapo."

"Umeshawahi kumwona karibu?"

"Karibu kabisa."

Alichokitaka Barnabas kilikuwa karatasi moja. Novemba ile mto ulipokimeza kijiji chao cha Wenje, aliwatoa watu kumi na mmoja juu ya mapaa kwa mtumbwi wa baba yake. Mafuriko hayakumtisha. Tangu utotoni, msimu ambao kijiji kizima kilisafiri kwa mitumbwi, kutoka mlango hadi mlango, ndio msimu aliojiona sawa na mtu yeyote. Kwa hiyo ofisi moja mjini Garsen ilipotafuta nahodha wa boti la uokoaji, alikwenda. Afisa alimtazama kuanzia mlangoni mpaka alipoketi, kisha akafunga faili bila kuuliza swali.

"Lete cheti cha maji makali ya mlimani," alisema. "Ukikileta, kazi yako." Halafu akamkonyeza karani.

Konyezo lile Barnabas aliliona. Alilibeba kutoka Garsen mpaka hapa.

Masharti ya mtihani yalikuwa mawili. Ufike kwenye bwawa la chini ndani ya dakika ishirini. Na ukipinduka, ujiinue mwenyewe. Ukichomoka kwenye kayaki, umeanguka.

Kwenye njia ya mbuzi akapita Joy, dada yake, mbiombio, gunia mgongoni.

"Dada wa Garsen," Katana akamwita, "hayo maembe unampelekea nani?"

"Mwenyewe yuko majini," Joy akajibu bila kusimama.

Barnabas alimngoja dada yake apotelee nyuma ya miamba. Kisha akaugonga ubavu wa kayaki kwa kasia mara tatu, ko, ko, ko, kama wanavyofanya watu wa Wenje kabla ya kila kona ili viboko wapishe.

"Huku hakuna viboko, bwana," alisema Katana.

Barnabas akaachia mzizi.

Mkondo ukamnyakua. Jiwe la kwanza alilipita kulia, la pili akaliegemea kwa ubavu, kasia likikata huku na huku, mabega yakifanya kazi, nyonga zikijibu. Maji yalimpiga usoni naye akayatemea mate. Mbele yake mto ukakatika kama ukingo wa meza, na baada ya hapo hapakuwa na kitu ila moshi wa maji na kelele. Pale ambapo mtu mwingine angevuta kasia nyuma, yeye alipiga mbele, kwa nguvu zake zote.

Domo likammeza.

Wote waliokuwa kwenye njia ya mbuzi wakasimama. Chini, kwenye povu la bwawa, kayaki ikaibuka tumbo juu. Christabel akashika filimbi. Akahesabu moja, mbili, hadi sita.

Kwenye saba, ncha ya kasia ikachomoza, ikalala juu ya maji. Nyonga zikajikunja na kayaki ikageuka, Barnabas akiwa ndani yake, akihema, damu kidogo puani.

Ko, ko, ko.

Kutoka mahali fulani miambani Joy akaitikia kwa kigelegele.

Barnabas akapiga makasia polepole hadi ukingoni. Christabel aliteremka, akaitazama saa, akaitazama tena.

"Dakika kumi na tano. Cheti umekipata, siwezi kukunyima." Akamnyooshea kalamu. "Lakini nikuambie ukweli, kijana. Una kiburi. Ungetembea kama wenzako ungepungukiwa nini? Haya, toka uje utie sahihi."

Barnabas hakusogea.

"Namngoja dada yangu."

Katana ndiyo kwanza alikuwa anafika, kayaki begani, jasho likimtiririka. "Hata kutoka majini," alisema, "bwana harusi anataka kupokewa."

Joy akatokea kati ya mawe, akashusha gunia miguuni pa Christabel, akafungua kamba. Akaitoa mmoja mmoja miguu miwili ya bandia, viatu vikiwa vimeshafungwa gidamu, akaanza kuipangusa vumbi kwa leso yake.