Kipepeo wa Akina Kaoneka

Huku Lushoto, nyumba isiyotoa kipepeo wake msimu mzima hufungwa, na wenyewe hushushwa bondeni. Yetu ilipangiwa yule wa manjano mwenye mikia. Nililea kiwavi kwenye mlimau wetu, na alipogeuka pupa nikamning'iniza juu ya meza ya kulia.

Jumatatu akatoka mweusi mwenye mabaka meupe, hana hata mkia. Mume wangu, Shemdoe, akaanza kufunga magodoro.

Mkaguzi alipofika alimtazama mara moja tu, akagonga muhuri.

"Ndiye huyuhuyu, mama. Ni jike. Wa manjano ni dume. Jike huiga sura ya kipepeo mchungu ili ndege wamwache."

"Kwa hiyo tunabaki?"

"Mnabaki."

Shemdoe alikaa juu ya magodoro, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nikamimina chai.

Ng'ambo ya ua, mlango wa akina Kaoneka ulikuwa umepigiliwa misumari. Mwezi uliopita nao, waliopangiwa wa manjano kama sisi, walitoa mweusi. Walikuja kuniuliza, nikawaambia huyo siye, bora wahame kabla mkaguzi hajawaaibisha.

Nilimwongezea mkaguzi chai. Sikumtajia habari zao.